Mkono Ulioitariza Foronya

Asubuhi Thuraya aliingia chumbani kwa binti yake kufungua dirisha, akaukuta mto uko uchi. Foronya nyeupe yenye nyota za uzi wa buluu, ile ambayo hakumruhusu mtu mwingine kuifua tangu siku ya kwanza, haipo. Kitandani umebaki mfuko wa ndani tu, wa kitambaa kizito kilichopauka, umejaa sufu. Aliugeuza mto upesi, upande wenye mshono ukaangalia godoro, akautupia blanketi juu. Ndipo akaita, "Shama! Foronya yako iko wapi?"

"Mkobani, mama!" Sauti ilitoka jikoni. "Leo naipeleka ikasomwe!"

 Thuraya alilisahau dirisha alilokuwa ameingia kulifungua, akatoka.

Jikoni mumewe, Abdelhaki, alikuwa anachovya mkate kwenye mafuta ya zeituni. Shama amesimama, koti limeshafungwa vifungo, kikombe cha chai mkononi. Ana miaka kumi na mitano na siku zote hunywa chai kama mtu anayekimbilia basi, tabia ambayo hakuirithi kwa damu, maana Thuraya hakumzaa. Hilo Shama alilijua tangu hajaota meno ya nyuma.

"Isomwe na nani?" Thuraya aliuliza.

"Na mafundi wa tarizi, mama. Mwalimu wetu wa Jumba la Vijana anasema kila fundi wa hapa Fes ana namna yake ya kuficha ncha ya uzi, na wanafunzi wake wote wanaichukua. Ukimpata fundi, fundi atawajua wanafunzi wake. Na mmoja wao, mama, ni yeye."

Katika nyumba ile "yeye" alikuwa mtu mmoja tu, mwanamke aliyemzaa Shama na kumwacha hospitali. Walimtaja mezani bila kupunguza sauti. Sikukuu zote walimwombea dua. Thuraya mwenyewe alijulikana mjini kwa ajili hiyo, kwani kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alisimama mbele ya wazazi waliochukua watoto kwa amri ya hakimu, akawafokea: waambieni, waambieni wangali wananyonya, msingoje watoto waambiwe na jirani kwa matusi. Wazee wengine walimwona hana haya. Thuraya alitembea kifua mbele.

Na foronya ile, Shama alijua, ilikuwa kumbukumbu pekee. Yeye aliitariza kwa mikono yake miezi yote ya mimba, akaiacha pamoja na mtoto. Hivyo ndivyo Thuraya alivyomsimulia akiwa na miaka minne, na hivyo ndivyo Shama alivyowasimulia marafiki, walimu na kila mgeni aliyekosea njia akaingia sebuleni. Kwa sababu ya foronya hiyo alijifunza kutariza. Kwa sababu yake alijitazama vidole akasema, "Mkono huu ni wake."

Uongo mtupu. Foronya aliitariza Thuraya.

Abdelhaki alijua. Alimngoja Shama aende kuvaa viatu, akasema chini chini, "Thuraya, leo."

"Leo nini?"

"Usinifanye mjinga. Usipomwambia wewe, atamwambia mtu huko mjini, na huyo mtu hatachagua maneno."

"Nitamwambia njiani."

"Miaka kumi na moja uko njiani wewe."

Thuraya alimwambia ana makombo kwenye masharubu, akachukua shela na kutoka mbio.

Walianzia mtaa wa Batha, kwa bibi mmoja wa heshima, Lalla kama wanavyoitwa Fes, Lalla Hnia, ambaye huuza vitambaa vya meza kwa watalii na kuwasema vibaya wakishaondoka. Njia nzima kulikuwa na nafasi ya kusema. Thuraya alifungua kinywa karibu na kinyozi, akakifunga. Akakifungua tena penye wauza maua ya michungwa ya kutengenezea marashi, ambako wanawake walikuwa wakigombania mizani kama kawaida ya Aprili, na Shama akamkatiza.

"Mama, unadhani atanitambua?"

"Nani?"

"Aa, mama! Yeye. Akiiona foronya."

"Sijui, mwanangu."

"Mimi nadhani atatambua kazi yake kwanza, halafu mimi." Shama alicheka. "Mtu mwenye mkono kama ule hawezi kusahau. Wewe huwezi kujua, mama, usinune. Wewe mwisho wako kushona vifungo."

Maneno hayo yalimchoma Thuraya pale pale yanapomchoma siku zote. Tangu aseme ule uongo hakushika tena sindano ya tarizi, kwa kuogopa mkono wake usije ukaonekana. Aliwaambia watu macho yamechoka. Miaka yote hiyo amekaa akisikia mkono wake mwenyewe ukisifiwa kwa jina la mwanamke mwingine, akaona wivu. Ndiyo, wivu, na alijua ni upuuzi, na kuujua hakukumsaidia.

Lalla Hnia aliitandaza foronya juu ya magoti, akaigeuza, akaigeuza tena. Tarizi ya Fes ikifanywa sawasawa haina nyuma wala mbele, na hii ilikuwa hivyo. "Mashaallah," alisema bila furaha, maana kazi ya mtu mwingine humtia kiungulia. Aliinua kona moja mpaka puani. "Uzi umepita chini ya mishono mitatu, halafu umerudi mmoja. Huku kurudi ni kwa Lalla Zhor wa mtaa wa Zqaq Rommane. Hakuna mwingine."

"Bado yu hai?" Thuraya aliuliza, haraka kuliko alivyotaka.

"Hai kuliko mimi! Macho tu ndiyo yamemkimbia. Haoni hata mkono wake."

Haoni. Thuraya alimshukuru Mungu moyoni, kisha akaona haya kwa kumshukuru juu ya upofu wa bibi kizee wa watu, kisha akaendelea kushukuru. Alimjua Lalla Zhor. Alikaa mikekani kwake miaka mitatu, akiwa mdogo kuliko Shama, na rula ya yule mama aliijua kwa vifundo vya vidole. Hilo nalo hakuwahi kumwambia mtoto.

"Twende basi, mama, mbona umeganda?" Shama alikuwa tayari mlangoni.

"Pengine tungekula kwanza. Baba yako..."

"Baba ana mikono."

Walipanda njia ya Talaa. Thuraya alikuwa mara mbele, mara nyuma, akigusa shela, akigusa bangili, akisimama kuangalia viatu asivyovitaka. Punda mwenye shehena ya ngozi aliwabana ukutani, mwenye punda akapiga kelele za njia, njia, na Thuraya akaona hapa ndipo, tumesimama, hakuna pa kwenda. Alisema, "Shama, sikiliza, ile foronya..."

"Lalla Thuraya!"

Alikuwa Bahija, mmoja wa wazazi wa Jumamosi, na mtoto wa kiume wa miaka sita amemshika mkono. Bahija alimkumbatia, akambusu mashavu mara nne, akamgeukia Shama. "Wewe ndiye Shama! Mama yako ametuokoa, wallahi. Juzi nimemwambia huyu wangu kila kitu, kama alivyotufundisha. Nilidhani nitazimia. Unajua ameniuliza nini? Kama naweza kumnunulia baiskeli!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalikuwa machozi kweli. "Yale maneno yako, Lalla, nimeyaandika ukutani jikoni: ukimficha kimoja, atavishuku vyote."

"Mama anayasema hata akiwa anakaanga samaki," Shama alisema kwa fahari.

Thuraya alitabasamu. Alihisi tabasamu lenyewe limebandikwa, na Bahija alipoondoka liligoma kutoka. Punda alikuwa ameshapita.

"Ulikuwa unasema foronya?" Shama aliuliza.

"Nilisema uishike vizuri. Vumbi."

Alijichukia hapo kuliko wakati wowote wa siku ile.

Nyumba ya Lalla Zhor ilikuwa vile vile, mlango mfupi, ukumbi wa giza, halafu ua wenye mwanga mwingi na mlimau kwenye pipa. Mjukuu wake aliwakaribisha, akaleta chai, akarudi kwenye nguo zake za kufua. Bibi alikaa juu ya godoro la pembeni, mdogo kuliko Thuraya alivyomkumbuka, kitambaa cheupe kichwani, macho yameangalia mahali pasipo na kitu. Thuraya hakukaribia. Alisimama mlangoni mwa ukumbi, hakutoa salamu, akamwachia mtoto aseme. Sauti yake ingetambulika.

"Bibi, assalamu alaykum. Naitwa Shama. Nimeletwa na kazi ya mtu, nataka uniambie ni ya nani."

"Wamekuambia sina macho?"

"Wameniambia, bibi."

"Na umekuja hivyo hivyo. Vizuri. Wenye macho hawajui kusoma. Lete."

Vidole vya bibi viliingia kwenye foronya kama vya mama anayetafuta chawa. Vilipita kwenye nyota ya kwanza, ya pili, vikasimama penye ncha, vikaendelea. Shama alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili mdomoni. Uani kulisikika maji ya mjukuu na, kule mlangoni, bangili za Thuraya.

"Huyu nilimpiga sana," Lalla Zhor alisema.

Shama alitoa sauti ndogo. "Unamjua!"

"Ngoja. Mkono mzuri, haraka nyingi. Hakai huyu. Angalia nyota ya saba, ameruka uzi mmoja. Na ya kumi na nne, ameruka tena. Kila akifika ya saba roho yake imeshatoka nje inacheza. Nilimwambia, nikamwambia kwa rula, haikusaidia." Aliikunja foronya taratibu. "Kwa nini unamtafuta, mwanangu?"

"Ni mama yangu. Aliyenizaa. Aliniachia hii."

 Vidole vya bibi vilisimama juu ya kitambaa, uso wake ukageuka kidogo, ukaelekea mlangoni. Alikaa hivyo. Alikunywa chai, fundo moja, akairudisha glasi juu ya sinia, akakaa tena.

"Jina lake, bibi," Shama alisema. "Nakuomba. Jina tu."

"Jina lake," Lalla Zhor alianza, polepole sana.

"Ni mimi," Thuraya alisema.

Alisikia sauti yake ikipiga ukuta wa ua ikarudi. Shama aligeuka, bado amepiga magoti, na kwanza uso wake ulikuwa na furaha, maana alielewa vibaya. Kwa pumzi moja alidhani mama aliyemlea ndiye pia aliyemzaa. Thuraya aliiona hiyo furaha na hakuisahau tena.

"Si mimi niliyekuzaa," alisema upesi. "Foronya. Foronya ni mimi. Niliitariza mimi, Shama. Yeye hakuwahi kuigusa."

"Nilijua uko mlangoni tangu mlipoingia," Lalla Zhor alisema. "Bangili zako hazijawahi kunyamaza. Nilikuwa nakungoja useme. Haya, semezaneni. Mimi masikio yangu nitayaziba."

Hakuyaziba hata kidogo.

"Wewe hujui kutariza," Shama alisema.

"Najua."

"Wewe vifungo tu."

"Niliacha. Ili usijue."

Shama alisimama. Aliitazama foronya mikononi mwa bibi, akaitazama mikono ya Thuraya, akaanza kupumua kwa nguvu. "Kwa nini?"

Thuraya alikuwa ameyapanga maneno haya miaka kumi na moja, mazuri yote, na yakamkimbia pale pale. "Hakimu alichelewesha karatasi miezi mitatu. Waliniruhusu kukuona Jumanne tu, saa moja. Jumatano mpaka Jumatatu sikujua mikono niiweke wapi. Nikatariza. Ilikuwa yako, ya siku utakayokuja nyumbani. Halafu ulipofika miaka minne ukaniuliza, yeye aliniachia nini? Ulikuwa umeilalia. Ilikuwa pale, nzuri. Nikasema hii."

"Ungesema hakuacha kitu."

"Ningekuwa nimesema uongo."

Mjukuu aliacha kufua. Hata yeye alikuwa anasikiliza.

"Aliacha kitu?" Shama aliuliza.

"Aliacha."

"Nini?"

"Twende nyumbani nikuonyeshe."

"Umekitupa?"

"Sikukitupa. Naapa. Sikukitupa."

Shama alitoka bila kuaga. Lalla Zhor alimnyooshea Thuraya foronya hewani, pahali ambapo hakusimama, na Thuraya alipokwenda kuipokea bibi alimshika kifundo cha mkono, akazibana bangili zote kwa kiganja kimoja mpaka zikanyamaza. Kisha akamwachia.

Kushuka Talaa, Shama alitangulia hatua kumi. Thuraya akikaza mwendo, mtoto naye anakaza. Mara moja alijikwaa kwenye jiwe na Thuraya akapiga kelele, "Angalia!", na Shama hakugeuka. Jambo moja lilimkata maini kuliko yote. Tangu pale uani Shama hakulitamka tena neno mama. Mtoto huyu huweka mama kila baada ya maneno manne, mpaka baba yake humtania kuwa atalichakaza. Sasa kimya. Thuraya alijikuta anahesabu nyumba akilingojea, kama neno hilo lingeweza kuletwa na mlango wa msikiti au duka la viungo.

Abdelhaki aliwafungulia. Aliwatazama nyuso, akapisha.

Chumbani Shama alisimama katikati. "Kiko wapi?"

Thuraya aliondoa blanketi. Aliuchukua mto, akaugeuza, akauweka kitandani upande wenye mshono ukiwa juu.

"Hicho ni kitambaa cha ndani tu," Shama alisema.

"Ni koti lake."

Akamwambia, amesimama, mikono ikifunga na kufungua shela. Mtoto alikutwa amefungwa ndani ya koti la kazi la buluu, la wanawake wanaoshona suruali viwandani. Muuguzi alimpa Thuraya koti hilo kwenye mfuko wa nailoni. Lilikuwa chafu, lina damu, lina harufu ya mafuta ya mashine, na juu ya mfuko wake pana nambari iliyoandikwa kwa wino. Alilifua mara nne. Alitaka kulichoma na hakuweza, alitaka kuliweka kabatini na hakuweza kulala. Mwishowe alilikata, akalishona kuwa mfuko, akautia sufu, akauvika foronya. "Nikasema, basi, na yeye awe karibu nawe. Huko ndani. Wewe hujui, mimi najua. Niliona nimefanya haki."

"Nimelilalia," Shama alisema.

"Kila siku ya maisha yako."

"Na wewe ukawa unanisikiliza nikisema juu ya nyota." Machozi yalianza. "Nimewaambia watu wote ni fundi. Nimejifunza tarizi miaka mitatu, nipate mkono wake. Mkono wake ulikuwa kwenye mashine ya suruali!"

"Niliona aibu. Niliona utaona aibu. Lilikuwa koti la kazi, Shama, limepauka, lina nambari kama ya kitu cha dukani. Nilitaka uwe umeachiwa kitu kizuri."

"Nambari ni jina lake!" Shama alipiga kelele. Abdelhaki alikohoa kule kizingitini. "Kwenye kiwanda kuna watu, kuna vitabu, kuna nambari na mtu wake! Ningeuliza! Ningekuwa nimeuliza zamani! Wewe umenipa nyota nikazifuata, na nyota zimenileta kwako!"

Thuraya hakujitetea.  Alisema, "Ni kweli," na kusema hivyo kulimuumiza na kumpunguzia mzigo kwa wakati mmoja.

Shama alifuta pua kwa mkono wa koti. Aliuchukua mkasi mdogo wa tarizi kutoka kwenye kikapu chake, akausogeza kwenye mshono, akasita.  Akaunyoosha mkasi kwa Thuraya.

"Umeshona wewe. Fumua wewe."

Thuraya alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua bangili akaziweka sakafuni. Alikata uzi wa kwanza, wa pili. Ilikuwa mishono ya karibu karibu, ya mtu aliyeogopa, na ilichukua muda. Sufu ilianza kumwagika magotini, ya manjano, imeshikana. Shama aliitoa kwa viganja na kuirundika kwenye zulia. Walipofika kitambaa kitupu walikitandaza godoroni. Mfuko wa koti ulikuwa umeshonwa ukafungwa, nao Thuraya akaufumua. Ndani hapakuwa na kitu ila uzi mfupi wa rangi ya chungwa, ule wa kushonea suruali. Juu ya mfuko huo wino ulikuwa umefifia, lakini ukiinamisha kitambaa penye mwanga ulisomeka. Mia moja na kumi na saba.

Shama aliisoma kwa sauti. Aliisoma tena. Alipitisha kidole juu yake kama Lalla Zhor alivyopitisha kwenye nyota, kisha akaushika ule uzi wa chungwa, akauzungusha kidoleni, akakaa nao.

"Kuna kingine, mama?" aliuliza.

Neno lilikuja hivyo, likiwa limebeba swali hilo mgongoni, na Thuraya aliyekuwa amelingoja mji mzima hakuweza kulifurahia.

"Hakuna kingine," alisema.

Ilikuwa kweli. Shama alimtazama muda mrefu, jinsi anavyotazama kitambaa kabla ya kukigeuza upande wa pili. Thuraya, ambaye siku nzima hakutulia mahali, alikaa pale kitandani, mikono magotini, akatazamwa.